Safari Binafsi ya Watu 14

Tangazo lilisema "safari binafsi". Hilo neno binafsi ndilo lililoniponza. Kwenye picha palikuwa na boti ya katamarani nyeupe imetulia juu ya maji ya rangi ambayo mimi nimezoea kuiona kwenye dawa ya kuoshea vyoo, na mtu mmoja, mmoja tu, kajilaza kwenye wavu wa mbele na kinywaji mkononi. Nikamtazama sana yule mtu. Hakuwa na simu. Hakuwa na mtoto wa kumuuliza tutafika lini. Hakuwa na shemeji. Nikasema moyoni, huyu ni mimi.

Kumbe kwa wenye boti, binafsi maana yake ni kwamba boti yote ni yako na gharama yote ni yako. Mtu ukishasikia gharama yote, unatafuta wa kuchangia. Mke wangu akamdokeza dada yake. Dada yake akamdokeza mumewe, na shemeji huyo akisikia safari haulizi ya kwenda wapi, anauliza saa ngapi. Jioni ile ile akafungua kundi kwenye simu. Baada ya siku tatu kundi lilikuwa na watu 21. Waliochangia, 6. Waliofika gatini asubuhi na mataulo mabegani, 14.

Na 14 ndio mwisho wa boti ile. Shemeji akataka mtoto mchanga asihesabiwe, kwa hoja kwamba bado ananyonya. Nahodha akamhesabu.

Kabla hatujapanda, kijana mmoja wa baharia akaleta kapu akasema viatu vyote humu, sitaha haikanyagwi na kiatu. Msiniulize kwa nini nilivaa soksi kwenda baharini. Mimi nimezoea kutoka nyumbani nimevaa soksi. Ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikatoka pale kuwaamkia watu wote, mama mkwe akiwemo, ambaye aligeuka haraka akaanza kusifia upepo.

Yakafuata masharti. Glasi za kioo hakuna, kwa kuwa watu wako pekupeku. Mvinyo mwekundu hakuna, kwa kuwa sitaha ni nyeupe na doa lake halitoki. Sanduku la vinywaji halifunguliwi mpaka mtu wa mwisho awe ametoka majini, maana pombe na kuogelea havikai chombo kimoja. Hapo shemeji akakunja uso kama mtu aliyesomewa hukumu. Alikuwa ameshakaa juu ya lile sanduku tangu gatini.

Yule kijana, mchangamfu sana, akaanza kutueleza kuhusu chombo. Akasema jina katamarani asili yake ni Kitamil, maana yake magogo yaliyofungwa pamoja. Nikaanza kutazama chini kutafuta kamba zilipofungwa. Akanitoa hofu: siku hizi ni boti mbili nyembamba zilizounganishwa kwa sitaha moja, na kwa upana wake hailali ubavu. "Mzee, utaweka kikombe mezani na hakitamwagika."

Ni kweli, kikombe hakikumwagika. Nilimwagika mimi.

Maana hailali ubavu, sawa, lakini ina namna yake. Wimbi linapiga mguu wa kulia, boti inashtuka. Linapita chini, linapiga mguu wa kushoto, boti inashtuka tena. Na tumbo lako limebaki katikati halijui limfuate nani. Kidonge cha kichefuchefu nilikuwa nacho mfukoni. Nilikuwa nakitunza mpaka nitakapoumwa, kama mtu anayejua thamani ya dawa. Ndipo kijana akaniambia kidonge kile humezwa mapema, kabla chombo hakijang'oa nanga. Ukikimeza umeshaanza kutapika, nacho kinatoka kwenda kutazama mandhari.

Akanishauri nikae katikati ya boti, nje penye upepo, macho yatazame kule bahari inapokutana na mbingu. Eti sikio la ndani linasema tunatikisika, macho yakitazama kitu cha karibu yanasema tumetulia, ubongo ukipata taarifa mbili zinazopingana unaufungua mlango wa tumbo. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinama nasoma ujumbe kwenye kundi, ambamo shemeji, aliyekaa hatua nne kutoka nilipo, alikuwa anatuma picha za mimi nikiwa nimeinama.

Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilikwenda tezi, kule nyuma, nikakuta watoto. Nikaenda omo, kule mbele, wavu umejaa shangazi. Nikarejea ngamani, chini tumboni mwa boti, na huko ngamani ndiko kuliko na choo.

Sasa choo. Ndugu zangu, kama mnatafuta mahali pasipo na lolote la binafsi duniani, ni choo cha boti. Ni kijumba cha kukaa umekunja magoti mpaka kidevuni. Ukutani kuna maandishi: usitie humu kitu ambacho hukukila kwanza. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Kuna mpini. Unageuza kishikizo upande mmoja, unapampu maji ya bahari yaingie. Unakirudisha, unapampu yatoke. Na pampu ile ina sauti. Kwii, kwaa. Kwii, kwaa. Ukuta wenyewe mwembamba kama jalada la daftari, na juu ya kichwa changu ndipo ilipo meza waliyokaa wakubwa wote.

Nikapampu mara kumi. Nikachungulia, bado. Nikapampu mara kumi tena. Kule juu mazungumzo yakakatika. Nikasimamisha mkono, na kimya kikawa kibaya kuliko sauti. Nikaendelea. Ilipofika kama thelathini nikasikia sauti ya mama mkwe, ya upole kabisa, ikishuka kupitia kidirishani: "Baba, uko salama huko?"

"Salama, mama."

"Haya. Usijichoshe."

Nimekuwa mkwe wa yule mama miaka kumi na moja. Heshima yote niliyoijenga kwa shikamoo na macho ya chini, pampu imeipeleka baharini kwa kwii kwaa.

Tulipofika kwenye matumbawe hatukutupa nanga. Nahodha alifunga kamba kwenye boya lililokuwa pale, kwa sababu nanga huvunja matumbawe, na jabali la matumbawe likishavunjika huongezeka kwa kiasi kisichozidi sentimita 2 kwa mwaka. Nikaona hapa sasa pana utu, hata jiwe linahurumiwa. Kijana akanisahihisha kwamba si jiwe, ni wanyama wadogo wamejenga pamoja. Basi nao wanaishi kwa kubanana, nikawaonea huruma.

Nikatoa chupa yangu ya mafuta ya jua. Kijana akaigeuza nyuma, akasoma, akanirudishia kwa vidole viwili. Ina kemikali iitwayo oksibenzoni, inadhaniwa inadhuru matumbawe. Hawaii mafuta ya aina hiyo hayauzwi madukani tangu Januari 2021, na Palau walitangulia kuyakataza mwaka 2020. Akaniambia nivae fulana ya mikono mirefu. Nikamwambia kijana, mimi jua nimezaliwa nalo. Kumbukeni hilo neno.

Kisha akanipa miwani ya kuzamia na kuniambia niiteme mate ndani. Nikamuuliza mangapi. Akasema kiasi cha kupaka kioo, kisha suuza, la sivyo kitaingia ukungu. Nikatema mate mbele ya wakwe. Kufikia hapo nilikuwa sina tena cha kupoteza. Halafu akautazama mdomo wangu kwa huzuni: "Mzee, masharubu hayo yatavujisha." Kweli, kifuniko kile kinataka kukamata ngozi, kikikuta nywele maji yanapata njia. Akanipaka mafuta mazito juu ya mdomo, na shemeji akapiga picha.

Yale mapezi ya miguuni mtu huyavaa mwishoni kabisa, na akitembea nayo anatembea kinyumenyume. Hilo la kinyumenyume nililisikia nikiwa tayari hewani. Hivyo mimi ndiye niliyeingia majini wa kwanza, na wote wakanipigia makofi wakidhani nimejirusha kwa ushujaa. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Kwa hesabu yangu siku ile nilikula chumvi ya wiki nzima kabla sijakumbuka kuliweka bomba mdomoni.

Shemeji alikuwa na malalamiko kuhusu bomba. Anataka refu, la mita mbili, ili azame huku anapumua. Kijana akamweleza kwamba limefanywa la sentimita 40 hivi kwa sababu: likiwa refu utakuwa unavuta hewa ile ile uliyoitoa, na ukishuka hata mita moja maji yanakibana kifua hadi hakifunguki. Shemeji akasema hiyo ni njama ya watengenezaji.

Halafu nikatumbukiza uso.

Hapo nitasema ukweli, kwa sababu kulalamika nako kuna haki yake. Kelele zote zilikatika. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe, na kwa mbali kitu kinatafunwa: krr, krr. Nikatafuta, nikamwona pono, rangi zake kama kitenge kipya, anang'ata matumbawe kwa lile domo lake la kasuku. Anang'ata, anasogea, anang'ata. Kisha akainua mkia kidogo na kuachia wingu jeupe, likashuka taratibu hadi chini. Akaendelea kula kama hakuna kilichotokea. Hakuna aliyemuuliza kama yuko salama.

Baadaye kijana alinithibitishia: ule ni mchanga. Pono husaga matumbawe, akala kilichomo, na kilichobaki akakitoa, na mmoja mkubwa huweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Sehemu kubwa ya ule mchanga mweupe watu wanaoulalia wamefumba macho, na wengine kuutia kwenye chupa kama zawadi, umepitia huko. Na tunaposema mtu amelala kama pono, tulikuwa hatujui nusu yake: wapo pono ambao usiku hujitengenezea mfuko wa ute, wakajifungia ndani peke yao mpaka asubuhi. Samaki ana chumba chake. Mimi nina kundi la watu 21.

Lakini starehe kubwa kuliko pono ilikuwa hii: mtu mwenye bomba mdomoni hawezi kuongea. Shemeji alinisogelea, akanyoosha kidole kwa samaki fulani, akasema "Hooo! Hoo hoo!" Nikamwitikia "Hoo." Hayo ndiyo mazungumzo bora tuliyowahi kuwa nayo. Yalivunjika pale alipojaribu kusimama juu ya matumbawe ili atoe bomba anieleze vizuri, na filimbi ya kijana ikasikika kutoka botini kama ya refa.

Tulipotoka, shemeji alidai samaki yule alikuwa wa urefu wa mkono. Miwani ile hukuza vitu kwa karibu theluthi moja, na shemeji naye ana kipimo chake, kwa hiyo nadhani alikuwa wa urefu wa kalamu.

Vinywaji! Nimevisubiri tangu gatini. Sanduku likafunguliwa, na barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Soda zilikuwa zimekwisha. Inaonekana sharti la mtu wa mwisho halikuwahusu watoto. Nikapata juisi ya vuguvugu kwenye kikombe cha plastiki, na juu yake kimwavuli kidogo cha karatasi. Upepo ukakichukua kabla sijakigusa. Shangazi walikuwa wameondoka kwenye wavu. Nikaenda omo, nikajilaza, kikombe mkononi, mtu mmoja tu, kama kwenye picha.

Boti ikaanza kurudi. Ile picha haikuonyesha kwamba chini ya wavu kuna bahari, na bahari ina desturi ya kupanda juu kupitia matundu. Kila dakika nilipigwa ndoo ya maji ya chumvi kutokea chini, mahali ambapo mtu hapendi kushtukizwa. Nikageuka nilalie tumbo. Hapo ndipo nilipojua kwamba jua lilikuwa limefanya kazi mgongoni muda wote nilipokuwa namtazama pono. Mtu akielea uso chini, maji yanampoza asisikie chochote, na huku mgongo unachomwa bila kupinduliwa.

Usiku nililala kifudifudi. Mke wangu alinipaka dawa kwa unyoya wa kuku, kwa sababu mkono wa mtu nilikuwa siuwezi.

Jumatatu nikaenda kazini nikitembea kama nimebeba trei mgongoni. Usoni nilikuwa na duara mbili za miwani na mstari chini ya pua, pale mafuta mazito yalipoishia. Bosi akanitazama, akashusha kalamu.

"Umepatwa na nini?"

Nikajiweka sawa. "Mambo binafsi tu, bosi."

Akatikisa kichwa kwa heshima, akafungua simu yake, akanigeuzia kioo. Ilikuwa video ya sekunde thelathini. Mimi simo, ni meza, bahari na wazee wameinamisha vichwa kwa adabu. Lakini sauti ilikuwa safi kabisa. Kwii, kwaa. Kwii, kwaa.