Mzee aliyetufundisha ziwa

Poleni sana, familia. Nimesoma habari hii ya msiba wa mzee wetu hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, machozi yakanitoka. Tulikuwa majirani. Alfajiri alitushusha ziwani, wajukuu wake pamoja na sisi watoto wa mtaa, kununua sambaza, wale samaki wadogo, kwa wavuvi waliokesha na taa zao. Upepo ukigeuka, pirogi, mtumbwi wetu, ilirudi ufukoni hata kama tulilia. Na msitu je! Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970, aliizungumzia kama shamba la baba yake. Vita vilipomzuia kwenda huko, alinyamaza siku nyingi. Kila jioni lazima ale na mama, mke wake, mezani, mjukuu mdogo magotini. Mama, jikaze. Jumamosi nitapita nyumbani.