Siku Shangazi Alipopandia Mbuzi Kuingia Garini

Kabla sijaanza, mjue kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia. Huu ni mwaka wa 11 nasimama mbele ya kidato cha pili na kuchora nyenzo ubaoni: egemeo hapa, jitihada pale, mzigo kule. Asiyeelewa namfokea. Hilo liwekeni pembeni, tutalihitaji.

Nina Hilux Vigo, namba B, ya dizeli, nyeupe ya maziwa mgando. Springi za mbele zilikuwa zimechoka hadi gari likawa limeinamisha pua kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Masika yalipoishukia Tabata, kila dimbwi lilikuwa linanidai bampa. Jirani yangu ana pikapu hiyohiyo, ila yake imenyanyuliwa, inapita majini kama bata. Siku niliposhuka kwa mara ya tatu kuokota bampa kwenye tope, jirani akapita, akapunguza mwendo, akapiga honi kwa adabu. Mama watoto alikuwa kwenye kiti cha mbele. Hakusema kitu. Alimtazama jirani, akalitazama bampa mikononi mwangu, akapandisha kioo.

Kesho yake nikaanza kutafuta koilova.

Kwa asiyezijua: shokapu ya mbele ya Vigo, hata ilivyotoka kiwandani, imevaa springi mwilini. Tofauti iko kwenye kikalio cha hiyo springi. Cha kiwandani kimekaa palepale, huna la kukifanya. Kwenye koilova, mwili wa shokapu umechongwa thredi kama bolti kubwa, na springi imekalia pete inayozungushwa. Ukiipandisha pete kwenye thredi, springi inasukumwa, gari linanyanyuka. Ukiilegeza, linashuka. Wengi hudhani kwamba ukikaza pete springi inakuwa ngumu zaidi. Wapi! Springi ni ileile, umeibana mapema tu. Hilo nililijua. Siku ile nilijua mambo mengi sana.

Nikapata seti ya mtumba Gerezani kwa laki saba, bila ile spana yake yenye mdomo wa ndoano. Muuzaji akaniambia patasi na nyundo vinatosha, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuiona hiyo spana.

Ijumaa nikapeleka gari gereji. Pale kuna fundi mkuu na kijana wa spana. Huyo kijana nilimfundisha. Fizikia alipata F, na kwenye ripoti yake niliandika kwa mkono wangu: "Ana usingizi. Aongeze bidii." Aliponiona akasimama wima kama nimeingia darasani. "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia huku nikikagua vidole vyake, ana grisi hadi kwenye nyusi.

Kushusha shokapu za zamani kulituchukua nusu siku. Juu kuna nati tatu za namba 14, hizo zilitoka bila maneno. Balaa ilikuwa bolti ya chini. Ilikuwa imeoana na bushi kwa kutu, ndoa ya miaka mingi, na kila tulipoigonga ilikuwa inatuangalia. Fundi aliimwagia mafuta, akaipasha moto, akaitukana kwa lugha mbili. Saa nane mchana ikakubali talaka.

Sasa ikaja zamu yangu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kwa Vigo inchi mbili za kunyanyua ni kiasi cha adabu, ukizidisha unatafuta ubaya. Inchi mbili ni kama sentimita 5. Nikapima thredi kwa rula: mzunguko mmoja wa pete, milimita 2. Nikageuza boksi la vipuri, nikaandika kwa kalamu: 50 gawanya kwa 2, jibu 25. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kama ninavyowafundisha.

"Mizunguko 25 kila upande," nikatangaza.

Kijana akawa anaukodolea macho mkono wa chini wa gari, ule wishiboni. "Lakini Mwalimu," akasema taratibu, "hii koilova si inakaa katikati ya mkono? Na tairi liko mwisho kule. Sasa si..."

"Wewe fizikia ulipata ngapi?"

Kimya. Fundi alicheka hadi akashika bonneti. Kijana akachukua patasi.

Tulizungusha zikiwa bado nje ya gari. Hadi mzunguko wa 15 tulikuwa tunapiga stori za mpira. Kuanzia wa 20 hakuna aliyekuwa na stori. Mzunguko wa 25 wa koilova ya pili tuliushangilia kama goli. Tukafunga, tukarudisha matairi, fundi akalegeza jeki.

Jeki ilishuka. Gari lilibaki.

Nikapima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi. Asubuhi ilikuwa sentimita 50. Sasa ilisoma 59. Nikapima tena kwa rula nyingine. 59.

"Itashuka ikizoea," fundi akasema akifuta mikono. Kijana alikuwa ameangalia pembeni, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani anakohoa.

Sitawadanganya, jioni ile nilipita mbele ya geti la jirani mara mbili. Mara ya pili nilipiga honi kwa adabu.

Jumamosi nilikuwa na safari ya Bagamoyo. Shangazi yangu alikuwa amekuja mjini kufanya manunuzi ya harusi ya kitindamimba wake, na mimi ndiye niliyeahidi kumrudisha na mzigo: magunia mawili ya mchele, kreti za soda, ndoo za mafuta, na gunia la vitunguu lililojazwa lumbesa hadi likafungwa kofia ya kamba. Tukapakia kwanza. Springi za nyuma za Vigo, zile za vyuma bapa vilivyopangwa kama chapati, zikalala. Nyuma imekaa chini, mbele imesimama. Ukiitazama kwa pembeni ilikuwa kama mbwa anayeomba mfupa.

Shangazi akatoka ndani na baibui yake, akafika mlangoni, akaangalia juu.

"Mwanangu, mimi nimekuja kupanda gari. Sikuja kuangua nazi."

Tukajaribu kumsukuma kwa heshima. Haikuwezekana, kwa sababu heshima na kusukuma havikai pamoja. Mwishowe mama watoto akachomoa kwenye mizigo ile mbuzi ya nazi aliyonunuliwa bi harusi, akaifunga ule mdomo wake usimkate mtu, akaitega chini. Shangazi akapandia mbuzi, akaingia. Watoto wa mtaa walipiga makofi. Mmoja akaomba arudie.

Kwenye lami mambo yakaanza kujieleza. Bonneti ilikuwa juu kiasi kwamba Shangazi aliona mawingu na nguzo za umeme. "Barabara mmeiweka wapi?" akauliza. Halafu likaja tuta la kwanza.

Ngo!

Hii ngo niwaeleze, maana nilikuja kuielewa kwa gharama. Shokapu inatakiwa ikae na nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Mimi nilikuwa nimelinyanyua gari hadi shokapu zimenyooka karibu na mwisho wao. Kwa hiyo tairi likishuka upande wa pili wa tuta, linatafuta pa kushukia halipaoni, shokapu inagonga kikomo chake, chuma kwa chuma. Ngo kulia, ngo kushoto.

"Kuna mtu huko chini anabisha hodi," Shangazi akasema.

"Ni shokapu tu, Shangazi."

Ngo!

"Karibu!" akaitikia. Na alikuwa mtu wa neno lake. Mwenge, Tegeta, kila tuta ngo, kila ngo "Karibu!" Hadi Bunju sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

Magharibi ikaingia nikawasha taa. Kila gari la mbele yangu likaanza kunipigia mwanga, na mimi nikidhani wananisalimia kwa ajili ya muonekano, nikawa nawajibu. Askari wa barabarani akaninyooshea mkono. Akaja taratibu, akaziangalia taa, akaangalia zinakomulika, juu kabisa kwenye kilele cha mwembe.

"Wewe kazi yako nini?"

"Mwalimu, afande."

"Unasomesha popo?" Akaniamuru nishushe taa. Nikamwambia ndizo hizi nimeshusha. Akaninyamazia kidogo, akamchungulia Shangazi, akampa pole, akaturuhusu tuende polepole.

Tulivuka daraja la Mpiji salama. Kile kilima cha baada ya daraja ndicho kilichotumaliza. Gari lenyewe lilikuwa tayari limekaa mkao wa kupanda mlima hata likiwa tambarare, sasa likapata mlima wa kweli. Nilisikia kreti zinasogea nyuma. Halafu mlango wa nyuma, ambao komeo lake nilikuwa nalisaidia kwa kamba tangu mwaka juzi, ukasema pa. Kwenye kioo cha pembeni nikaliona gunia la vitunguu linajishusha lenyewe kama abiria aliyefika kituoni. Likapasuka. Vitunguu vikaanza kurudi Dar es Salaam.

Jamani, vitunguu vya mviringo kwenye mteremko wa lami havina breki. Bodaboda watatu walisimama kutusaidia, wakivifukuza kwa tochi za simu. Tuliokoa kama nusu. Kimoja nilikiona kinapita katikati ya magurudumu ya lori, kikatoka upande wa pili kizima, kikaendelea na safari. Shangazi alibaki juu kwenye kiti, maana mbuzi ilikuwa chini ya mchele na hakuna wa kumshusha. Alisimamia zoezi kutoka dirishani kama refa wa tenisi.

Tulifika Bagamoyo saa tatu usiku. Wajomba walikuja na kanzu zao kupokea mzigo, mmoja akanusa, akainama. Ndani ya rimu ya kulia palikuwa pametapakaa grisi. Draivishafti, ule mhimili unaozungusha tairi, ilikuwa imekunjwa pembe ambayo haikuumbiwa, buti lake la mpira likachanika. Mjomba akasimama, akaupima urefu wa gari kwa macho kuanzia chini. "Hili mmelinunua hivi au limepata ajali?"

Jumatatu nikapeleka wili alaimenti, kunyoosha matairi. Yule fundi alizungusha bolti zake za kurekebishia hadi mwisho, akatazama kompyuta, akazima kompyuta. "Mwalimu, mkono wa juu haufiki. Nenda kwanza lirudi kuwa gari."

Nikarudi gereji. Fundi mkuu aliponiona akakumbuka shughuli mahali fulani ndani. Akabaki kijana. Hakuniuliza kitu. Alichukua ufagio wa mpini mrefu, akaegemeza ncha moja kwenye ukuta, ufagio ukalala hewani mbele yangu.

"Hapa ukutani ni chasisi, Mwalimu. Hapa katikati ninaposhika ni koilova. Kule kwenye ufagio ni tairi." Akasogeza mkono kiganja kimoja. Ncha ya ufagio ilikwenda karibu viganja viwili. "Sentimita 5 kwenye pete, tairi linapata karibu 10. Nyenzo daraja la tatu. Ulituchorea ufagio huuhuu ubaoni."

Nilimeza mate. "Sasa kama ulijua, F ilitoka wapi?"

"Kwenye mtihani lilitoka koleo."

Alirudisha pete nyuma mizunguko 13 kila upande, akihesabu kwa sauti, na mimi nikiwa nimeshika tochi. Alibadilisha na lile buti. Tulipolegeza jeki gari lilishuka kama ng'ombe anayelala, nikapima: 54 na ushee. Lilikuwa zuri. Nikaomba hesabu.

"Kufungua na kufunga, elfu 30," akasema. "Masahihisho, elfu 20."

Nikalipa. Akaenda dukani kwa jirani, akarudi na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, akaingia chini ya gari. Nilipochungulia nilikuta kwenye thredi, mahali ambapo pete isivuke, amechora alama ya vema. Pembeni yake ameandika 12/25.

"Hii ni nini tena?"

"Mizunguko, Mwalimu. Imebaki 12 kati ya 25."

Ndani ya stoo fundi mkuu akaanza kukohoa.