Ile mnayoita mbegu ya mwani si mbegu

Juzi nilikaa kwenye miting moja ya uchumi wa buluu, akasimama mtu mzima na slaidi zake akasema kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, imetoweka Unguja kwa sababu kina mama hawatunzi mbegu. Ukumbi mzima unaitikia. Nimerudi nyumbani roho inaniuma, chakula hakishuki, ndio naandika hapa.

Hawatunzi mbegu! Shangazi yangu analima mwani Jambiani tangu mimi sijaanza shule. Nimefuatana naye bamvua nyingi, maji yakitoka tunakwenda kwa miguu mpaka kwenye vigingi vyake vilivyofungwa kamba za mwani, anainama, na kabla hajafunga kipande hata kimoja anakiinua juani, anakipitishia kidole gumba tawi kwa tawi anatafuta palipoanza kulainika. Akikuta doa jeupe anakata, anatupa mbali na kamba zake. Kipande kimoja baada ya kingine, mgongo umepinda, jua la utosi, mpaka maji yamfike magotini. Huyo ndo hatunzi?

Tatizo limeanzia kwenye neno. Tumeita mbegu basi mtu wa ofisini anawaza mahindi, anawaza gunia na duka la pembejeo. Ile ni kipande cha mwani jamani, kama pingili ya muhogo. Unakata, unafunga kwenye kamba na taitai, kile kiuzi chembamba, kinakua wiki sita hivi, unavuna, unabakisha kipande unafunga tena. Kotonii na spinosum, ile aina nyingine tunayolima, zililetwa kutoka Ufilipino, kilimo cha biashara kikaanza 1989, na toka hapo kazi ni kukata na kufunga, kukata na kufunga. Maana yake shamba zima linaweza kuwa mmea mmoja uliogawanywa mara elfu, na udhaifu wa kipande kimoja ndio udhaifu wa vyote. Sasa kaskazi ikiingia, maji ya kina kifupi yanachemka mchana, mwani unazidiwa, bakteria wanapata upenyo, matawi yanapauka, yanalegea, yanakatika yenyewe. Kotonii haistahimili hali hiyo kama spinosum, ndo maana tangu miaka ya 2000 mwanzoni wakulima wengi wamebaki na spinosum ambayo bei yake ni ya chini zaidi. Hapo uchague vizuri, uchague vibaya, unachagua kutoka kwenye kitu kile kile.

Haya, nakubali, wapo wanaorudisha kwenye kamba vipande vilivyochoka. Wanafanya hivyo kwa sababu hawana vingine!

Mbegu yenyewe hasa ipo, ila haionekani kwa macho. Mwani mwekundu una mmea dume na mmea jike, ukirutubishwa kunazaliwa kizazi kinachokaa juu ya mwili wa jike, kinatoa vijimbegu vidogo mno, vinaota kizazi kingine tena, nacho kinatoa vyake ndipo wanarudi dume na jike. Kwenye mzunguko huo ndo damu zinachanganyika, na hapo ndipo unaweza kupata mwani unaovumilia joto. Kamba zetu tunazivunia kilo tu, mzunguko huo hatuushughulikii. Na kwenye miamba yetu wenyewe kuna kotonii ya porini ambayo vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni tofauti na hii ya shambani. Ipo hapo, inaishi na joto letu siku zote.

Mkiniambia hayo ni mambo ya wasomi nitawakumbusha Kathleen Drew-Baker. Mama wa Uingereza, chuo cha Manchester kilimwondolea ajira kwa sababu kaolewa, akaendelea kufanya utafiti bila mshahara. Mwaka 1949 akaonyesha kuwa kale kamwani kanakoishi ndani ya magamba ya chaza, ambako watu walidhani ni aina nyingine kabisa, ni utoto wa mwani ule ule wa jamii ya nori, mwani wanaokula Wajapani. Wajapani wakati huo mavuno yalikuwa yameanguka na hawajui mbegu inatoka wapi. Watafiti wao wakaichukua hiyo habari, wakaanza kuotesha kwenye magamba, kilimo kikasimama tena. Yeye Japani hajakanyaga mpaka anafariki 1957, na wakulima wakamjengea mnara kule Uto mwaka 1963. Nasi tunao wetu, Profesa Keto Mshigeni alikuwa anauchunguza mwani wa pwani hii miaka ya 1970, kabla ya hizi kamba zote.

Kuhamia maji ya kina kirefu, ambako joto ni nafuu, nako ni sawa, mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya amelipigania sana na hizo nyavu za mfano wa bomba ambazo mwani unakaa ndani yake. Ila boti nani ananunua, na mama asiyejua kuogelea anafanyaje?

Nimempigia shangazi jioni nikamwambia yaliyosemwa. Kanyamaza kidogo, halafu kaniambia kuna kamba moja haivuni kuuza. Ni kotonii iliyobaki hai kaskazi iliyopita, wakati za majirani zote zimeoza na zake nyingine pia. Kila bamvua anakata kidogo anaongeza, sasa zimefika tatu. Anauliza kuna mtu wa maabara anaweza kuja kuitazama kabla joto halijarudi.