Chopa ya Richard wa Tatu

Mfalme amebanwa vitani, washirika wamemgeuka, na mauti anayaona. Katika tamthilia ya Shakespeare, hapo ndipo Richard wa Tatu analia: "Farasi! Farasi! Ufalme wangu kwa farasi!" Kwenye onyesho nililotazama wiki iliyopita hapa Nairobi, la kundi la vijana waliojitafsiria wenyewe kwa Kiswahili, mfalme alivaa suti ya buluu na beji ya bendera, na walinzi wake walikuwa na waya masikioni. Hakulilia farasi. Alilia chopa. Ukumbi ukaangua kicheko, na jamaa aliyemuua ndugu yake, kisha akawamaliza watoto wawili wa ndugu yake mwingine, akafa tukimcheka.

Wanaoitetea chopa wana hoja, tena nzito. Farasi wa Nairobi wako Ngong Racecourse, na mwananchi wa kawaida hana shida nao. Msimu wa kampeni mheshimiwa hushuka kutoka angani, vumbi likitimka, watoto wakikimbilia uwanjani. Ukitaka mtazamaji wa hapa aone mamlaka yakimponyoka mtu, mnyang'anye chopa. Wala mtindo huo si wetu peke yetu: mwaka 1990 Ian McKellen alimwigiza Richard huyuhuyu London katika Uingereza ya kubuni ya miaka ya 1930, iliyotekwa na ufashisti.

Na kuna pahali suti ililipa kabisa. Richard anakitaka kiti, lakini anataka aombwe. Msaidizi wake Buckingham anampanga atokee katikati ya maaskofu wawili, kitabu cha sala mkononi, akijifanya kukataa. Vijana waliigeuza ibada ya Jumapili, na bahasha ya mchango ikapita. Mengine yote yalikuwa ya Shakespeare. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Haiya, huyu namjua," na nadhani kila mtu mle ndani alikuwa na wake akilini.

Tatizo langu liko hatua moja kabla ya hapo. Buckingham amewahutubia wakazi wa London ili wamshangilie Richard, nao wakanyamaza kama masanamu. Ni sauti kama 10 tu za wafuasi waliosimama nyuma ndizo zilizopazwa. Vijana wetu waliufuta ukimya huo. Walishuka kati ya viti wakigawa fulana na noti bandia, wakatuhimiza tuimbe. Tukaimba. Nami niliimba, na fulana ninayo nyumbani. Ilikuwa raha, na ndiyo sehemu iliyoniudhi zaidi nilipolala nayo. Watu wa Shakespeare hawakununuliwa. Waliuona uongo, wakakataa kuushangilia, na bado wakaacha mambo yaende. Kuambiwa kwamba tunauzwa kwa mia mbili tumezoea, tunacheka na kwenda nyumbani. Nyerere alipotoa tafsiri yake ya *Julius Caesar* ya Shakespeare mwaka 1963 hakumvika Kaizari kofia ya TANU, chama chake mwenyewe.

Halafu kibiongo, ambacho mfalme wetu wa suti aliachiwa. Tamthilia hii iliandikwa miaka ya mwanzo ya 1590, chini ya Elizabeth wa Kwanza, mjukuu wa mtu aliyempindua Richard, kwa hiyo ubaya wa mfalme ulichorwa hata mwilini. Mifupa yake ilipofukuliwa Leicester mwaka 2012, chini ya maegesho ya magari, uti wa mgongo ulionekana umepinda upande, lakini hakuwa na kibiongo. Kundi lililobadilisha farasi kuwa chopa lingeshindwaje kutua mzigo huo? Suti ya leo, dhana ya jana.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na mfalme wa Kiingereza ilhali Francis Imbuga alitupa Boss, dikteta wa nchi ya kubuni ya Kafira katika *Betrayal in the City*, tangu 1976. Sina ugomvi nao, ila Boss hajipendekezi kwetu. Richard anatusemesha tangu mstari wa kwanza, anatufanya washirika wake.

Dakika bora za usiku zilikuwa za karani. Ni kipande kifupi, mistari 14. Amepewa anakili vizuri mashtaka ya Hastings, lodi ambaye Richard ameamuru akatwe kichwa, kazi iliyomla saa 11, na karani anajua Hastings alikuwa hai na huru saa tano zilizopita. Mashtaka yaliandikwa kabla ya kosa. Msichana aliyemwigiza aliketi na taipureta ya zamani kwenye meza kama zile za nje ya mahakama, akapuliza vumbi la kifutio, akatuuliza ni nani mjinga kiasi cha kutoliona hili, na ni nani jasiri wa kusema ameliona. Hapo hakukuwa na fulana wala noti, na hatukuimba.

Kwenye matatu ya kurudi nilimweleza mwenzangu haya yote, kwamba chopa imetuibia kifo cha mfalme. Akanitazama. "Kwani ulitaka tulie? Si tulilia ya kutosha baada ya uchaguzi wa 2007." Gari lilifika stejini kwangu kabla sijapata la kumjibu.