Kajenga mpaka kwenye bikoni, sasa anataka plasta ipigwe kutokea kwangu

Juzi Jumamosi fundi kanigongea geti, mpole kabisa, shikamoo mama, za asubuhi mama, anaomba aweke majukwaa uani kwangu ili wapige plasta ukuta wa jirani. Nikamuuliza kwa nini wasiyaweke upande wao. Akacheka kidogo, akaangalia chini. Upande wao haupo! Ukuta umekaa juu ya mpaka kabisa, bikoni, lile jiwe la kuonyesha mpaka wa kiwanja, imemezwa na zege la msingi, bati limechungulia kwangu na dirisha la choo linafungukia kwenye kamba yangu ya nguo.

Sasa kila ukigusa mada ya kuacha nafasi ubavuni utasikia wimbo ule ule, kiwanja ni changu, nimenunua kwa hela yangu, kwa nini mita moja na nusu ikae bure? Ikae bure! Haya tuipigie hesabu hiyo bure. Aliyejenga mpaka kwenye bikoni hewa ya chumbani anaipata wapi? Kwangu. Mwanga? Kwangu. Mvua ikinyesha bati lake linamwaga kwangu, na gata hajaweka kwa sababu gata ingening'inia kwangu na hilo eti angeona aibu. Bomba la choo likipasuka nje ya ukuta, fundi bomba anapitia kwangu. Yaani huyu mtu hajatumia kiwanja chake chote kama anavyojisifu, katumia chake chote halafu kaongeza na ile nafasi niliyoacha mimi kwa sababu nilifuata ramani. Siku na mimi nikipandisha ukuta mpaka kwenye mstari, chumba chake cha kulala kinageuka stoo siku hiyo hiyo, na choo kinapumulia sebuleni kwake. Anaishi kwa huruma yangu na hajui, au anajua ndo maana fundi alikuja mpole vile.

Na wala sio huyu wangu tu. Pita Manzese, pita Mbagala, hapa hapa Dar, usiangalie mbele ya nyumba maana mbele kuna vigae na geti la maua. Angalia ubavuni. Tofali tupu, saruji imetokeza kati ya mstari wa tofali na mwingine na kukauka hivyo hivyo tangu siku ukuta unapanda, kwa sababu mkono wa fundi ulikuwa upande wa ndani na wa nje haukufika tena. Mvua inapiga humo kila masika, unyevu unapenya, ndani rangi inabanduka, mwenye nyumba analaumu rangi feki. Rangi haina kosa jamani, ukuta haujawahi kuvaa nguo. Gari la maji taka nalo likija, bomba linapitishwa sebuleni juu ya kapeti. Moto ukitokea sisemi kitu, mnajua wenyewe zimamoto wanaishia wapi.

Najua mtaniambia viwanja vidogo. Sawa, hapo mna pointi, nusu pointi. Ukiwa na mita ishirini kwa ishirini, ukaacha moja na nusu kila ubavu na tatu mbele na tatu nyuma, unabaki na kumi na saba kwa kumi na nne, nyumba nzuri tu hiyo. Ila kumi na tano kwa kumi na tano unabaki na kumi na mbili kwa tisa, na hapo umeshalipa kiwanja kizima, inauma, sikatai. Lakini aliyekukatia kipande hicho na kukuuzia ndo wa kumkasirikia, sio mimi na kamba yangu ya nguo.

Mwingine atanitajia Mji Mkongwe Zanzibar, au Lamu, kwamba kule nyumba zimebanana karne na karne na watu wanaishi. Ndiyo wanaishi, kwa sababu wale wazee walijenga na ua ndani, katikati ya nyumba, hewa na mwanga vinashukia humo, kila nyumba ina kipande chake cha mbingu. Wewe umechukua kubanana kwao ukaacha ua.

Hasira yangu nyingine nawapelekea wenye mamlaka. Nchi hii kuacha nafasi tunafundishwa kwa rangi. Unaamka ukutani kuna X. Kama ni ya kijani utalipwa fidia, kama ni nyekundu vunja mwenyewe na asante kwa ushirikiano. Barabara ya Morogoro mwaka 2017, Kimara kwenda Kiluvya, hifadhi ya barabara, yaani eneo la kando lisiloruhusiwa kujengwa, ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, wakati Sheria ya Barabara ya 2007 barabara kuu nyingine inazipa mita 30, na nyumba zilizoanguka pale zilikuwa na umeme, na maji, zingine watoto wamezaliwa humo mpaka wameoa. Bonde la mto Msimbazi nyumba zilivunjwa vile vile, ile Desemba 2015 kuingia 2016. Mita 60 kutoka mtoni zimeandikwa kwenye Sheria ya Mazingira tangu 2004, na mimi naziunga mkono, mto ukifurika hauulizi hati. Ila miaka yote hiyo watu wanapandisha lenta nani alikuwa amelala?

Kwa sababu kumjua anayejenga sio kazi ngumu. Lori la mchanga likiingia mtaani serikali ya mtaa wanajua kabla hata halijamwaga. Mauziano ya kiwanja yanasainiwa ofisini kwao na ile asilimia kumi yao ambayo haipo kwenye sheria yoyote huwa hawaisahau. Sasa mtu wao aje siku ya kuchimba msingi! Aje na futi, aje na afisa mipango miji, wapime kamba za fundi kutoka bikoni mpaka mtaro, kama haijafika mita moja na nusu kamba isogezwe asubuhi hiyo hiyo. Kusogeza kamba ni dakika tano na haina fidia. Kusogeza ukuta wenye bati ni kesi baraza la ardhi, ni majirani kutosalimiana msibani, na hapo bado hujampata wa kukulipia tofali.