Nikishajua ndo nifanyeje? Kuhusu kupima oksijeni ya kichanga huku kwetu Kusini

Juzi nilimuuliza nesi mmoja rafiki yangu, yupo wodi ya wazazi huku Newala, kwa nini kila kichanga kisibanwe kale kamashine ka kupima oksijeni mguuni kabla mama hajaruhusiwa. Akanijibu "kaka, nikishajua moyo una shida ndo nifanyeje, wa kumpasua yuko Dar". Nilikosa la kumjibu pale pale na tangu siku hiyo nalifikiria.

Kusema kweli hoja yake ina uzito. Mioyo ya watoto inapasuliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kutoka Mtwara mjini tu mpaka Dar ni kama kilomita 560, mama bado ana mshono, alafu hela ya korosho ina msimu wake na mtoto hasubiri mnada. Kuna na hofu ya kutafuta ugonjwa kwa mzima. Mfano kuna watu kama 3 mpaka 5 kwa kila 1,000 wana mshipa mkubwa wa ziada upande wa kushoto wa moyo, ulitakiwa upotee wakiwa bado tumboni haukupotea, na wengi wanazeeka nao bila kujua maana damu inafika kulekule inakotakiwa. Ukianza kuwapiga watoto wote ultrasaundi ya moyo utawakuta hao na utawatia wazazi presha bure.

Ila kamashine ka mguuni hakauoni mshipa huo, kenyewe kanasoma oksijeni tu, na wengi wenye mshipa huo oksijeni yao iko sawa.

Kanayemuona ni mtoto mwenye kasoro nyingine, ya nadra zaidi. Ile mishipa minne inayorudisha damu safi kutoka mapafuni badala ya kuingia moyo upande wa kushoto inamwaga upande wa kulia, damu safi na chafu zinachanganyika, na mtoto anaishi kwa sababu tu kuna tundu katikati ya moyo linalopitisha mchanganyiko huo kwenda mwilini. Mara nyingi daktari akiweka sikio hasikii mlio wowote wa ajabu. Rangi ya bluu ya kukosa oksijeni nayo kwa mtoto mweusi inakupita usipoangalia ulimi na fizi. Kwa binti wa shangazi yangu mtoto alikuwa ananyonya kidogo anaachia titi anahema, paji la uso limelowa jasho, bibi yake akawa anamfuta kwa kanga anasema ni joto tu la Mtwara. Wiki ya tatu ndo akapimwa, oksijeni ikasoma asilimia 78 tu. Alipasuliwa na yuko hai, ila zile wiki tatu zilikuwa za kubahatisha, maana mishipa ikiwa imebanwa njiani mtoto anaweza asimalize hata wiki ya kwanza.

Kipimo chenyewe hakinasi wote. Tafiti zikijumlishwa kinanasa kama 76 kwa kila 100 wenye kasoro kubwa za moyo, na kwenye ngozi nyeusi mashine inaweza kusoma juu kuliko hali halisi, hilo lazima tulikubali. Kengele za uongo je, yani mashine kulia kwa mtoto ambaye moyo wake mzima? Ukipima baada ya saa 24 hazifiki 1 kwa kila 1,000, ukipima mapema, kama huku kwetu ambako mama anawahi kuondoka, zinafika kama 4.

Na hapa ndo kwenye jibu nililolikosa siku ile. Si wachache katika hao 4 unakuta moyo mzima ila mtoto ana nimonia, au maambukizi ya damu, yani yule ambaye angepelekwa nyumbani leo na kurudishwa keshokutwa kalegea. Huyo hahitaji Dar! Anahitaji oksijeni na antibayotiki, na hizo kwenye hospitali zetu, Ligula zipo, Ndanda zipo, Nyangao zipo. Kwa hiyo nesi akiuliza afanyeje, kwa kengele nyingi zitakazolia dawa iko kabatini kwake, na ni wachache tu watakaopanda gari.

Nilimpigia nikamwambia hayo. Akasema sawa, atapima, ila anataka vitu viwili kwanza, namba ya daktari atakayepokea simu hata saa nane usiku, na mtungi wa oksijeni uliojaa ndani ya ambulansi. Hapo namuunga mkono mia kwa mia.