Wazoa Taka wa Memphis

Kila Januari watu husambaziana ile hotuba ya ndoto ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi wa Marekani, ya mwaka 1963. Naipenda. Ila King ninayemheshimu zaidi ni yule wa miaka yake mitatu ya mwisho, aliyesemwa vibaya kwa kupinga vita vya Vietnam, aliyepigwa jiwe la kichwa Chicago mwaka 1966 kwa kudai watu weusi wapewe nyumba mtaa wowote. King huyo aliuawa Memphis, mji wa kusini mwa Marekani, na ni wachache wanaouliza alifuata nini huko.

Aliwafuata wazoa taka.

Tarehe 1 Februari 1968 mvua ilinyesha sana. Echol Cole na Robert Walker walijibanza nyuma ya lori lao, humo humo zinamotiwa taka, wasilowe. Mtambo wa kushindilia ukajiwasha, ukawasaga wote wawili. Malalamiko kuhusu ubovu wa malori hayo yalikuwepo kabla. Bima hawakuwa nayo. Kila familia ilipewa mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi.

Tarehe 12 wenzao wapatao 1,300 waligoma. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unaingia uani kwa mtu, unajaza taka kwenye beseni, unajitwika. Beseni limetoboka, maji ya uozo yanakuchuruzika shingoni hadi mgongoni, na funza wamo. Jioni mtu anavua nguo nje ya mlango kabla ya kuingia kwa mkewe na wanawe. Kazi yote hiyo, na bado wengi walikuwa maskini kiasi cha kustahili msaada wa chakula wa serikali.

Mabango yao yaliandikwa maneno machache tu: I Am a Man, mimi ni mwanamume. Huko kusini mwa Marekani, mwanamume mweusi hata awe na mvi aliitwa "boi". Wazee wetu waliotumikia nyumba za Wazungu waliitwa hivyo hivyo, na neno limebaki katika Kiswahili chetu hadi leo. Ndiyo maana wanaotafsiri bango lile "mimi ni binadamu" naona wanalipunguzia makali. Baba mwenye familia yake alikuwa anamwambia meya: mimi ni mtu mzima, usiniite mtoto.

King alipowahutubia tarehe 18 Machi aliwauliza, mtu anafaidi nini kuruhusiwa kuketi mgahawa mmoja na Mzungu kama hana hela ya kununua chakula chenyewe? Kwangu swali hilo ndilo kiini cha miaka ile. Wapo wanaosema baada ya sheria za 1964 na 1965, za kupiga marufuku ubaguzi na kulinda haki ya kura, harakati za watu weusi zilipoteza dira. Sikubaliani nao kabisa. Kumruhusu mtu aketi popote kwenye basi na kupiga kura hakukumpunguzia tajiri mfuko wake. Kumlipa mzoa taka ujira wa haki kunaupunguza, na hapo ndipo marafiki wengi wa harakati walipoanza kutoweka.

Maandamano ya tarehe 28 Machi yaliishia kwenye vurugu, na polisi wakampiga risasi Larry Payne, kijana wa miaka 16. King angeweza kukaa mbali. Alirudi, na jioni ya tarehe 4 Aprili akauawa kwenye baraza ya Lorraine Motel. Siku nne baadaye mjane wake, Coretta, akaongoza maandamano ya kimya katika mji ule ule. Meya Henry Loeb, aliyekuwa amekataa katakata kukitambua chama chao cha wafanyakazi, hatimaye alibanwa, na makubaliano yakafikiwa tarehe 16 Aprili: chama kitambuliwe, mishahara iongezwe.

Pensheni ya jiji, hata hivyo, hawakuwa nayo. Mwaka 2017, karibu nusu karne baadaye, jiji lilitangaza kuwapa dola 50,000 kila mmoja wale 14 waliokuwa bado hai. Mmoja wao, mwenye miaka zaidi ya 80, alikuwa bado anaendesha lori la taka.